Unataka Kuendelea?

Nyuma ya stendi ya Mpanda kuna benchi la kahawa lenye wataalamu kuliko chuo kizima. Siku hiyo Raya, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alibanwa katikati yao, kompyuta mapajani. Ripoti yake ya dagaa wa Ikola ilitakiwa kumfikia mwalimu kabla ya jioni. Akichelewa, anarudia mwaka. Ilibaki michoro tu, na programu ya kuchora ilikuwa imegoma kuingia.

— Inasemaje? aliuliza Injinia, fundi pikipiki.

— Inataka programu nyingine, toleo jipya. Lililomo ni la zamani, na kuna programu kibao zinalitegemea hilo hilo.

— Pistoni hiyo. Toa kuukuu, weka mpya.

— Pistoni wapi! alidakia Wakili, ambaye mahakamani alishafika kama shahidi tu. Huyo ni bibi harusi. Kaja na wadogo zake na mashangazi. Ukimfukuza, wote wanabeba mabegi.

— Wabebe! Nyumba ipumue.

— Tena ni njama, Wakili aliongeza. Waliozitengeneza wamezifunga pamoja makusudi ili mtoto wa kwetu Magamba asimalize chuo.

Raya alichemka. Bingwa mzima wa midahalo, anafundishwa kompyuta na watu waliomwagia chaja yake kahawa! Akaandika amri ya kuondoa lile la zamani. Orodha ya vitakavyoondoka nalo ikajaza skrini, ikaishia na swali: unataka kuendelea?

— Soma kwanza, mdogo wangu, alisema Wakili.

— Asome nini? alifoka Injinia. Kaulizwa kama anataka kuendelea na masomo. Aseme hapana?

— Nyie wanaume, hebu nyamazeni! Najua ninachofanya!

Akabonyeza kukubali.

Picha zikatoweka, vitufe vikatoweka, zikabaki herufi nyeupe gizani.

— Si uzirudishe? Injinia alinong'ona.

— Kwa mtandao gani? Programu ya kuushika mtandao nayo imeondoka.

Generosa, muuza vitumbua, alikuwa akipita na ndoo yake. Akasimama.

— Mbona mmekaa kimsiba? Ripoti ya mtoto imefutika?

— Haijafutika, shangazi, Raya alijibu. Imo humu humu, nzima.

— Ahaa, afadhali. Sasa unaifungua na nini?