Ngumi za Nchi Gani Zina Afya?

Kijiwe cha nyuma ya mnada wa samaki, Bagamoyo, kina benchi moja, birika la Issa muuza kahawa, na watu wasiokubali kushindwa hata na redio. Alhamisi hiyo Mwinjuma alifika wa kwanza, kama alivyofanya wiki nzima, akaegemeza ukutani ule mgongo mpana uliompatia jina la Kontena. Wenzake hawakujua kwamba nyuma ya mgongo kuna bango la pambano la Jumamosi, na kwenye bango yupo Adila, mwanawe, kavaa glovu, kakunja uso. Binti alihamia Dar kwa shangazi yake; kijiweni Mwinjuma alisema kaenda kujifunza cherehani. Sasa anakuja kupigana kwao kwa mara ya kwanza, na juzi alipiga simu: “Baba, nataka wewe unisindikize ulingoni.” Mwinjuma akajibu inshallah, ile inshallah ya kukwepa. Alimwogopa Mikdad, atasema nini juu ya binti anayepigana ngumi. Mikdad akikutania leo, wajukuu zako watataniwa.

Na Mikdad huyo, aitwaye Satelaiti kwa kuwa simu yake haikauki video za ngumi, ndiye aliyeanzisha.

— Ngumi zenye afya ziko Uingereza. Vijana wawili wa mji mmoja wanajaza uwanja wa mpira!

— Ile si afya, kile ni kitambi, akasema Majaliwa. Huyu ni Daktari, maana aliwahi kuuza dawa za mizizi pale Msata, na tangu hapo haoni kitu asikipime mapigo. — Bondia wa kule anapigana mara moja kwa mwaka, kama Maulidi!

— Na mpinzani analetwa kwa ndege, Daktari akaendelea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anakuja, anapigwa, mwenyeji anapona!

Issa alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Kenya je? Mikdad akauliza.

— Upungufu wa damu, Daktari akatoa cheti. Vijana wote wamekwenda kukimbia. Mtu ukishajua kukimbia, utapigana ili iweje?

— Ghana?

— Afya tele, lakini yote iko mtaa mmoja wa Accra. Ni mtu mwenye paja moja nene.

— Meksiko sasa!

— Hao wanakula pilipili tangu wakiwa tumboni. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kule mama ndiye anayefunza ngumi, kwa hiyo ulimwengu unakuta kazi imekwisha.

Mwinjuma alikuwa na lake la kusema, tena zuri, ila kila akijisogeza mbele alikumbuka bango, akarudi ukutani.

— Na sisi? Issa akauliza.

Mikdad akasimama juu ya benchi.

— Sisi ndio wazima kuliko wote! Mtanzania akipigana na Mtanzania, mtaa hauna mtu! Mzungu ana ukumbi, sisi tuna mdomo! Bondia wetu haingii ulingoni peke yake, anaingia na ukoo!

— Na supu ya pweza wa Mbegani, Daktari akaongeza. Ukiinywa hiyo, ngumi inatua kabla hujairusha!

Wakagonganisha vikombe. Dunia nzima ilikuwa imelala chali na kijiwe kimeshinda. Hata Mwinjuma kifua kilimpanuka.

Bodaboda ikasimama, akashuka dada mmoja wa suti ya michezo na begi begani.

— Asalaam aleikum. Shikamooni, wazee wangu.

— Waaleikum salaam. Marahaba, karibu kahawa.

Akapokea kikombe. Vidole vyake vilikuwa na sugu kwenye vifundo. Alisema anaitwa Samia, katoka Tanga, Jumamosi anapigana hapa.

— Nimewasikia tangu pale konani, nikafurahi. Basi niambieni, huyu bondia wa hapa, Adila, ni mtoto wa nani?

Mikdad akaitazama simu yake. Daktari akakohoa, asipate ugonjwa wa kutaja. Mwinjuma akamwona akilini binti yake akitoka peke yake mbele ya mji wake mwenyewe, bila ukoo, bila mtu. Aibu ikamchoma, na safari hii ilikuwa aibu ya haki. Akainuka wima, bango lote likawa wazi.

— Wangu! Adila ni mtoto wangu mimi! Cherehani haijui! Jumamosi naingia naye ulingoni, na wewe mwanangu jiandae, ana mkono wa kushoto ambao hata mimi baba yake naukwepa.

Samia akacheka, akamsogelea kwa heshima.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Nakuombea usalama, mwanangu. Ushindi sikuombei.

Mwinjuma akageuka, akausubiri ulimi wa Mikdad. Mikdad alikuwa kainamia bango, analisoma herufi kwa herufi.

— Kontena, akasema taratibu, umetuficha bingwa wiki nzima. Taulo nitabeba mimi.

— Wewe? Mwenye taaluma ni mimi! Daktari akaruka.

— Ndoo ya maji ni yangu, akasema Issa, akaligeuza birika. Lilikuwa tupu, na hakuna aliyejali.

Waligombana hivyo kwa furaha, na Mwinjuma, machozi yakimlengalenga, alikuwa keshaweka simu sikioni.

— Adila? Nakuja, mwanangu. Lakini waambie wenye ukumbi kiti kimoja hakitoshi. Waweke benchi.