Sista Kwanini na Milimita Mbili za Mfupa

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Sista Kwanini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika chumba chetu cha upasuaji wa kinywa. Alianza kwa kuchemsha vifaa kwenye chumba kisicho na dirisha, akapanda hadi muuguzi mkuu, na njiani amewatoa jasho madaktari kumi na mmoja. Wa mwisho wao ni mimi ninayeandika haya.

Jina lake la utani amelipata kihalali. Mtu aliyeng'olewa magego ya juu zamani mara nyingi huja mfupa umelika, na juu ya mfupa huo kuna sinasi, ule uwazi wa hewa kando ya pua. Kipandikizi cha jino, yaani kiskurubu kinachobeba jino la bandia, kikikosa mfupa wa kukishika, daktari hutoboa dirisha dogo ubavuni mwa taya, huinua utando mwembamba wa sinasi, kisha hujaza unga wa mfupa chini yake. Ni kazi nzuri, na sisi wageni wa fani tuliipenda kupita kiasi. Sista hakufungua trei ya vifaa mpaka daktari ataje njia nyingine tatu na aeleze kwa nini kila moja haifai. Ukitaja mbili, unarudi ofisini ukafikiri. Profesa mmoja alirudishwa mara mbili, na alikwenda kwa adabu.

Kwa ubishi huo wengi wamekwepa kisu. Waliobakiwa na milimita sita za mfupa waliwekewa vipandikizi vifupi wakaenda zao. Dereva mmoja wa lori alichagua meno ya bandia ya kuvua na kuvaa, akasema hana nafasi ya kuuguza taya mwaka mzima.

Miaka mitatu iliyopita utando ulinipasukia mkononi. Mgonjwa alipona, mimi sikupona. Nikaanza kuona njia nyingine hata pasipokuwa na njia, na wagonjwa wa sinasi nikawa nawapeleka kwa wenzangu. Sista aliona yote.

Mwaka juzi akakaa kitini yeye mwenyewe. Eksirei ilionyesha milimita mbili. Nikamshauri meno ya kuvua haraka haraka, naye akaniamuru nitaje zote, kama siku zote. Vipandikizi vifupi havikuwa na pa kushika. Daraja, yaani meno ya bandia yanayoegemea ya jirani, lingetaka kusaga meno yake mazima. Meno ya kuvua alikataa katakata, akisema hatalala na sehemu ya mdomo wake ndani ya glasi. Imebaki moja, akasema, na wa kuifanya ni wewe. Nilipotaja bingwa wa hospitali nyingine, alinijibu kwamba utando ni wake na mkono anaoutaka anaujua. Niliogopa sana.

Zile dakika hamsini ndizo pekee alizowahi kukaa kimya katika chumba kile. Nilipofika palepale paliponishinda zamani, mkono uligoma. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye kiti, jinsi anavyowaonyesha wanafunzi waende polepole. Nikazunguka ukingo kidogo kidogo, na utando ukanyanyuka mzima.

Kwa wiki mbili hakupenga kamasi, utando usije ukapasuka. Mumewe anasimulia alivyopiga chafya mdomo wazi mbele ya wakwe, bila kuomba radhi, kwa kuwa ndivyo daktari alivyoagiza. Baada ya miezi minane vipandikizi viwili viliingia, na vimeshika barabara.

Sista, tunakushukuru kwa kutukatalia. Jumatatu saa tatu asubuhi ataingia mama mmoja mwenye mfupa mwembamba kama wako. Sitampeleka kwa mtu mwingine. Wewe pumzika, ule vizuri, uishi kwa raha na afya. Huku kazini utando nitauinua mwenyewe.