Makasia, Aliyechelewa Kila Mahali

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Makasia, alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Agosti 1961 katika zahanati ya bandari, wiki mbili nzima baada ya siku aliyotarajiwa. Baba yake, fundi wa injini za vivuko, aliomba likizo ya kumsubiri, likizo ikaisha, akarudi kazini, ndipo mtoto akaona sasa ni wakati wa kutoka. Alikuwa wa pili kati ya watoto wawili. Wa kwanza ni dada yake, karani mstaafu wa posta, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu. Anaomba radhi mapema, maana ameuandika akiwa bado amemkasirikia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968. Akili alikuwa nazo, tatizo lilikuwa njia. Shule ilikuwa dakika ishirini kwa barabara, lakini yeye alipita ufukweni akigeuza jiwe moja moja kuangalia nani anaishi chini yake, akafika kipindi cha pili na viatu mkononi. Dada yake alikuwa kiranja wa kuandika wachelewaji, na kwa miaka mitatu aliandika jina la mdogo wake kila asubuhi mpaka mwalimu wa zamu akamwambia aache kupoteza wino. Jioni ilikuwa vilevile. Watu wote wameshakula, yeye hajulikani alipo. Mama hakuwa na maneno mengi. Alimtengea chakula chake, akakifunika na sahani, akasema, "Atafika tu."

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, na mwaka 1982 akapata cheti cha ufundi wa injini katika chuo kilekile alichosoma baba yake. Januari 1983 aliajiriwa kwenye karakana ya boti, akafanya kazi hapo miaka kumi na moja. Waliofanya naye kazi wanasema alikuwa akisimama nje ya geti, anasikiliza boti inavyonguruma, na kabla hajaingia ndani ameshataja kifaa kilichoharibika.

Tarehe 14 Machi 1994 msimamizi wake alimwambia akamwage ziwani mapipa mawili ya oili chafu, kama walivyozoea kufanya pale. Akamwaga. Kesho yake alikuta ndege wa majini amenasa kwenye ile oili karibu na gati. Alishinda naye siku nzima akimfuta kwa shati lake mwenyewe, na jioni ndege akafa. Marehemu akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya kazi, akaenda nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo hakupanda tena kitu chenye injini. Watu walimwambia dada yake asijali, itapita. Mwaka ukapita, miaka kumi ikapita, thelathini ikapita. Yeye hakutingishika.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 12 Septemba 1987 na mwalimu wa hesabu, mwanamke mvumilivu ambaye yupo hapa leo. Bwana harusi alichelewa saa mbili na nusu kwa sababu njiani alimkuta mtu ameharibikiwa boti, akaingia majini na suti. Picha zipo, suruali inachuruzika. Mwaka 1989 walijaliwa binti mmoja.

Baada ya kuacha kazi, marehemu alijenga mashua kwa miezi kumi na minane, akisaidiana na rafiki yake fundi seremala. Mbao zote zilitoka kwenye ghala lililobomolewa. Dada yake alipoiona, yenye kibanda cha kulala katikati na pipa la maji ya mvua juu ya paa, alimwambia kwa hasira kwamba huyo ni kobe, si chombo. Marehemu alifurahi sana. Wiki iliyofuata alikuwa ameshaandika ubavuni kwa rangi nyeupe: KOBE. Iliingia majini tarehe 6 Oktoba 1995, na familia yote ikahamia humo. Mwalimu alistahimili miaka minne. Alistahimili choo cha ndoo na maranda ya mbao, alistahimili kufulia majivu ili sabuni isiingie ziwani. Lakini binti alihitaji shule isiyohamahama, na mwaka 1999 wakaachana bila ugomvi. Binti huyo leo ni mpimaji ardhi, na baba yake alikuwa akisema binti alifanya makusudi.

Safari zake ndizo zilizomwingiza kwenye magazeti na kumtia dada yake presha. Mwaka 1997 aliikabidhi Kobe kwa mkewe, akachukua mtumbwi mwembamba, akapanda nao mto mpaka ukaisha, akaufunga kwenye magurudumu ya baiskeli na kuuvuta kilomita sitini na nne kuvuka vilima hadi ziwa la pili. Miezi kumi na moja, bila tone moja la petroli. Mwaka 2004 alilizunguka ziwa zima kwa miguu akivuta mkokoteni na kuokota plastiki. Mtu atafikiri plastiki hizo alizipeleka mahali. Naam, alizipeleka kwenye baraza ya dada yake. Magunia arobaini na moja. Dada alipouliza ayafanyie nini, alijibiwa kwa utulivu kabisa kwamba angalau sasa hayamo majini.

Naye dada yake, mtu aliyechambua barua miaka thelathini, hakuweza kumtumia ndugu yake wa pekee hata kadi. Alijaribu. Kwenye anuani aliandika "Mashua ya Kobe, ufuko wa mashariki," na barua ikarudi kwenye dirisha lake mwenyewe imegongwa muhuri: HAJULIKANI.

Haya yote dada yake angeyasamehe. Kuna moja tu hakulisamehe, na kwa kuwa wengi wenu mlikuwepo, halitafichwa hapa. Tarehe 17 Mei 2009 alimpigia simu kwamba mama yao yuko mahututi. Marehemu alikuwa mbali, safari ya siku nane au tisa kwa kasia. Kwa basi ni saa tisa. Mama alifariki tarehe 19. Siku hiyo aliuliza mara moja tu kama mashua imeonekana, halafu akasema maneno yake yaleyale, kwamba atafika. Alizikwa tarehe 22 katika shamba hili, pale mlipopaona. Marehemu alitia nanga tarehe 26, amekonda, viganja vinatoka damu. Dada yake alimfungulia mlango, akamwonyesha kaburi kwa kidole, akaingia ndani. Hakuzungumza naye miaka miwili. Hata baada ya hapo walizungumza habari za hali ya hewa.

Mwezi Mei 2024 marehemu alianza kuvimba miguu. Daktari alikuta figo zote mbili zimechoka, na akasema lazima asafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, katika hospitali iliyo karibu na nyumba ya dada yake. Kutoka mashua ilipotia nanga, kwa gari ni saa moja na nusu. Marehemu akasema asante, gari hapana, na makasia hana nguvu ya kuyavuta, kwa hiyo basi. Dada yake alikwenda hadi kwenye mashua kumpasha. Alimwita majina yote aliyokuwa akiyahifadhi tangu akiwa kiranja. Alipomaliza, marehemu alikuwa anamwangalia tu. Ndipo mwanamke wa miaka sitini na sita, ambaye hajawahi kushika kasia maishani, alipojisikia akisema, "Haya, kaa. Nitapiga mimi."

Walitoka tarehe 11 Juni na kufika tarehe 13. Siku ya kwanza Kobe ilizunguka mahali pamoja saa nzima, mgonjwa amelala kibandani akielekeza, "Dada, usipigane na maji, yasukume tu." Dada alimjibu kwamba akinyamaza atasukuma vizuri zaidi. Siku ya pili malengelenge yalipasuka. Siku ya tatu walipita mbele ya stendi ndogo ya mabasi iliyo ufukweni, na marehemu akaomba wasimame kidogo.

Akasema kwamba mwaka ule wa mama, siku ileile aliyopigiwa simu, alifika kwenye stendi kama hiyo kule mbali alikokuwa. Nauli ilikuwa mkononi na basi lilikuwa linanguruma. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi, kisha akaushusha, akarudi kwenye mashua.

"Nilidhani atanisubiri," alisema. "Siku zote alikuwa ananisubiri. Nilikosea, dada."

Dada yake alishika makasia akaendelea kupiga, kwa sababu upepo ulikuwa unageuka, na kwa sababu miaka kumi na tano alikuwa ameandaa jibu na sasa hakulikumbuka.

Miezi saba marehemu aliishi katika chumba ambacho dada yake alikuwa amekitandika tangu mwaka 1995. Hospitalini alimuuliza muuguzi kama ile mashine haiwezi kuzungushwa kwa mkono. Teksi alikataa, kwa hiyo mara tatu kwa wiki dada yake alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, wakigombana njia nzima. Kila chupa waliyoikuta aliagiza wasimame iokotwe. Walichelewa kila miadi. Muuguzi aliacha kuuliza sababu.

Alifariki nyumbani kwa dada yake Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Wosia hakuacha. Siku moja kabla alisema tu, "Dada, usiniletee gari." Kikao cha familia kiliamua gari, kwa sababu kwa barabara ni dakika arobaini hadi shambani hapa na watu wana shughuli zao. Dada yake naye aliafiki na gari likakodiwa. Alipotaka kusaini karatasi ya gari aliona sugu za kasia bado zipo kwenye viganja vyake, akairudisha karatasi bila kusaini.

Kwa hiyo marehemu ameletwa na Kobe, kilomita kumi na nne za maji. Makasia yamepigwa na dada yake, mwalimu wa hesabu, binti yake na yule fundi seremala. Programu inasema saa nne asubuhi. Mlioangalia saa mnajua wenyewe. Dada anaomba mmvumilie, mbaya wenu ni upepo na tabia ya marehemu. Wasifu unasomwa na binti kwa kuwa mikono ya mwandishi haitaweza kushika karatasi.

Marehemu ameacha binti mmoja, mjukuu mmoja ambaye tayari anachelewa shule, mwalimu aliyekuwa mke wake, dada mmoja, na mashua moja ambayo hakuna anayejua pa kuiweka. Atalala kando ya mama yake.

Mstari huu umeandikwa siku mbili kabla ya mazishi, bila kujua ziwa litakuwaje, na mchapishaji alishauri usiandikwe. Dada yake alisisitiza uandikwe hivihivi: Mama, amefika. Na apumzike sasa kwa amani, hapo hapo, asiondoke tena.