Bi Povu, Aliyesikiliza Usingizi wa Hamira

Marehemu, ambaye mtaa, kiwanda na chuo vilimjua kwa jina la Bi Povu, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1951, akiwa kitinda mimba wa mama fundi cherehani na baba mpiga chapa. Jioni moja ya utoto wake mama yake alikanda unga wenye hamira, akaufunika kwa kitambaa na kuuacha karibu na jiko. Mtoto alijilaza kando ya bakuli na kutega sikio.

"Unasikiliza nini, we mtoto?"

"Wanapumua, mama."

"Haya. Wakikusalimu, niite."

Usingizi ulimchukua hapo hapo. Unga ukaumuka huku mwenyewe akikoroma.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1965, na mwaka 1971 akajiunga na chuo kikuu kusomea biolojia. Huko ndiko lilikotokea kosa lililompa jina. Alikabidhiwa chupa mbili: moja ya seli changa za hamira, nyingine ya seli zilizokaa na njaa kwa wiki kadhaa katika maji machachu. Profesa wake alikwisha kuzipima hizo za pili, akakuta zimechacha hadi ndani, akazihesabu miongoni mwa wafu. Mchana ule wa joto, macho yakimlegea, Bi Povu alimimina maji ya sukari katika chupa ya wafu badala ya ile ya seli changa. Kesho yake povu lilikuwa limefurika mezani na linadondoka sakafuni taratibu.

"Binti, umeingiza hamira ya nje," alisema Profesa. "Mwaga, uoshe chupa."

"Na kama ni zile zile, Mwalimu?"

"Maiti haombi sukari."

Darasa zima likaangua kicheko. Alimwaga, akaosha, lakini swali lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki: seli zile zilikuwa zimekufa, au zimelala?

Mwaka 1975 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha hamira, akatumika huko hadi alipostaafu mwaka 2006. Wanagenzi wake wanakumbuka alivyosimama kati ya mapipa yenye mvuke, sauti yake ya chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Seli ni chumba kidogo. Nje kukichacha, uchachu hupenya ndani. Ukutani mna pampu za kuutoa, na pampu hazifanyi kazi bure, zinataka sukari. Je, sukari ikikatika?"

"Zinakufa, Bi Povu."

"Ndivyo wasemavyo."

Yeye alihisi vingine. Alidhani kwamba seli yenye njaa, pampu zake zikizima, huuacha uchachu uingie; na vilivyomo ndani huganda kama uji uliopoa, kila kazi ikasimama, na kutulia huko ndiko kunakoiokoa. Lakini dhana si ushahidi, naye hakuwahi kuitangaza kama ushahidi.

Tarehe 12 Agosti 1979 alifunga ndoa na fundi majokofu wa kiwandani. "Niliitwa kutengeneza chumba cha baridi," mzee huyo husimulia hadi leo, "nikamkuta mtu anazisemesha chupa kwa upole. Nikasema, huyu akinisemesha mimi hivyo, sirudi kwetu." Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Daktari alimweleza kwamba haziwezi tena kuutoa uchachu katika damu. "Hilo somo nimelifundisha miaka thelathini, daktari," alijibu, na wote wawili wakacheka. Kitandani alikuwa na hofu moja tu: kuondoka na swali lake. Binti yake mkubwa, mhadhiri wa biolojia, alilifungua upya jaribio lile kwa maelekezo ya mama. Safari hii walichagua hamira ya ukoo adimu, ambayo ikiota juu ya kisahani hufanya madoa ya rangi ya waridi. Kama ingekuwa hamira ya nje iliyoingia, madoa yangekuwa meupe kama ya hamira ya kawaida, na Profesa angekuwa amesema kweli.

Alasiri ya tarehe 1 Juni 2022, mwanga ukipita kwenye pazia jepesi, binti aliingia na kisahani chenye kifuniko cha kioo.

"Mama, waridi."

"Yote?"

"Yaliyoota yote. Ila karibu robo ya seli hazikuamka."

Bi Povu alikishika kisahani kifuani, akafumba macho kwa muda mrefu, hata binti akadhani amesinzia.

"Usinipambie," akasema. "Hizo zisizoamka ziandike mwanzo kabisa. Watu wakishafurahi, hawasomi tena."

Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Juni, usingizini, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, dada mmoja, na wanagenzi wengi waliokuwa wakimwita mama. Ripoti ya jaribio iliwasilishwa chuoni juzi. Sentensi yake ya kwanza inazitaja seli ambazo hazikuamka.

Alale salama mama yetu, na utulivu umpokee.