Tairi la Mtakatifu Paulo

Risala ya Umoja wa Waendesha Pikipiki Mteremko, Shirimatunda, kwa mgeni rasmi, Ndugu Primus, katika hafla ya kukabidhiwa rasmi matairi yaliyotangulia kufika, Desemba 2009. Imeandikwa na katibu, Wenseslaus. Inasomwa na mweka hazina, Flavia, kwa sababu katibu amepatwa na mafua ya ghafla leo asubuhi, mara tu baada ya kuisoma tena.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Ndugu Primus, mwana wa Kibosho uliyeteremka kwenda Dar es Salaam na sanduku la bati ukarudi na gari lenye kiyoyozi, mama yako mzazi, Bibi Margareta, aliyeketi kushoto kwako, Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani, wazee wetu, shikamooni, na ninyi kina mama mliokuwa mkipita na ndizi zenu mkasimama kuona kuna nini: karibuni sana kijiweni kwetu. Wakatoliki tunawaambia Tumsifu Yesu Kristo. Walutheri, yaani Sifael peke yake, anawaambia Bwana asifiwe.

Mgeni rasmi, tumefurahi mno kukuona. Tunalisema hili mapema kwa sababu huko mbele kuna mahali ambapo furaha yetu huenda usiione vizuri, na hatupendi uwe na shaka nayo.

HISTORIA YA UMOJA

Umoja huu ulizaliwa baada ya kahawa kuacha kutulisha. Wazee wetu walisomeshwa kwa kahawa, wakajenga kwa kahawa, wakaoa kwa kahawa. Sisi tulipofika zamu yetu, kahawa ilikuwa imebaki ya kunywa. Kwa bahati, milango ya biashara ilikwisha kufunguliwa, kila mwenye uwezo akawa anaagiza apendacho ng'ambo, na miongoni mwa vilivyoingia ni pikipiki za Kichina. Tukauza tulichokuwa nacho, tukazinunua.

Sirili, yule aliyesimama karibu na turubai akitazama viatu vyake, aliuza ng'ombe wa mama yake. Tunamtaja kwa sababu hii risala, ukiichuja, ni habari za Sirili. Ni kijana wa Kibosho, mpole, mwoga wa maneno lakini si mwoga wa mteremko. Akipakia mtu mzima huendesha polepole mpaka kuku wanampita. Ndiyo maana bibi zetu wote wa huko juu wanamtaka yeye, na vijana wenye haraka zao wanamkimbia.

MAFANIKIO

Tumefikisha wagonjwa hospitali. Tumefikisha maharusi kanisani, mmoja akiwa amechelewa kwa makusudi. Mama mmoja wa Kibosho alijifungua salama nusu saa baada ya kumshusha, na mtoto akaitwa Mteremko, ingawa babu yake mpaka leo hajakubali.

Lakini mafanikio makubwa kuliko yote, mgeni rasmi, ni zawadi yako. Mwezi wa tisa lori lilitoka kwenye ghala lako la Dar es Salaam likashusha hapa matairi ya pikipiki, kila mwanachama lake na ya akiba juu. Yalikuwa meusi ti, yanang'aa, na vile vinywele vya mpira vya tairi jipya vikiwa bado vimesimama. Kornelia, anayetuuzia chai, alisema hajawahi kuona wanaume wakipapasa kitu kwa upendo namna ile. Hatukuuliza kwa nini umetukumbuka mwaka huu, ilhali uchaguzi ni mwakani. Mtu akikumbukwa hashiki kalenda.

Na kwa kuwa mtoa zawadi akija ni lazima aikute inatumika, la sivyo amedharauliwa, tuliyafunga matairi yako siku ileile. Ya zamani tukayapeleka kwenye mabanda ya nguruwe.

JINSI TULIVYOJIFUNZA KUSOMA MATAIRI

Jumamosi moja Sirili alikuwa akiosha pikipiki yake akaona ubavuni mwa tairi la nyuma, baada ya herufi nyingi zisizosomeka, kiduara chenye umbo la yai, na ndani yake tarakimu nne: 2501. Akazipaka chaki zionekane. Akakaa chini akafikiri. Sirili ni mtu aliyelelewa chini ya kalenda ya parokia, ile inayoning'inia jikoni kwao ikiwa imekaangwa na moshi, na kwake tarakimu nne zilizokaa namna hiyo zina maana moja tu: tarehe ishirini na tano, mwezi wa kwanza. Akakimbia jikoni kutazama. Ilikuwa sikukuu ya Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo.

Basi tairi likawa na somo wake mbinguni, mtakatifu wa kulilinda, kama Mkristo yeyote aliyebatizwa. Sirili alisikia amani ambayo hakuwa ameisikia tangu alipouza yule ng'ombe. Alipotuambia, kila mmoja alipiga magoti kwenye gurudumu lake kutafuta mtakatifu wake.

Hapo ndipo tulipopata utata. Wengi wetu matairi yetu yaliandikwa 4700. Tarehe arobaini na saba, mwezi sufuri. Katibu wetu, aliyesoma seminari miaka miwili, alituliza watu: Kwaresima ni siku arobaini, ongeza juma la Pasaka siku saba, jumla arobaini na saba, kwa hiyo matairi yale ni ya kipindi kizima na yana baraka zaidi. Tukampigia makofi.

Sifael peke yake ndiye aliyeguna. "Jamani," alisema, "tairi halijabatizwa." Tukamwambia Walutheri hawana masomo, ndiyo maana ana wivu.

Tangu siku hiyo Sirili alipita kwenye mawe kwa imani kubwa. Ajuza mmoja, mteja wake wa kila Alhamisi, alipoelezwa kwamba amekalia tairi la Mtakatifu Paulo, alifanya ishara ya msalaba, akapakata mkungu wake wa ndizi, akasema sasa anaweza hata kusinzia njiani.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto ya kwanza ni kwamba tairi lile lilipasuka.

Lilipasuka kwenye kona ya kuteremkia mtoni, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Halikutoboka, lilifunguka ubavuni kama mfuko wa karatasi uliolowa. Sirili alisikia pikipiki ikimkimbia chini ya makalio, na anatuambia jambo alilowaza hewani halikuwa mama yake wala ng'ombe. Aliwaza: nimemuua bibi wa watu, na ndizi zake.

Alipofumbua macho alikuwa kwenye mfereji wenye majani, na sauti ikamjia kutoka juu yake.

"Yeleuwi! Sirili, umekufa?"

"Hapana, bibi."

"Basi niinue. Na zile ndizi uziokote kabla watu hawajaja."

Sirili alilia, mgeni rasmi. Tunalisema bila aibu kwa sababu na sisi tulipofika tulilia. Bibi alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, lakini alikuwa mzima, na alikuwa anamgombeza Mtakatifu Paulo kwa Kichagga. Sifael, badala ya kusaidia, alituuliza kama tunakumbuka huyo Paulo aliongokaje. Ni kweli. Aliangushwa njiani.

Bibi huyo, mgeni rasmi, ni mama yako. Alikuambia kwenye simu kwamba mguu ule alipigwa teke na ng'ombe zizini. Ng'ombe yule hana hatia. Mama alituapisha sote tunyamaze, akasema mwanawe amejitahidi kutafuta matairi na hapendi aaibike. Leo asubuhi ametufungua kiapo hicho yeye mwenyewe, kwa sababu ambayo tutaieleza.

Baada ya ajali Sirili alilibeba lile tairi begani mpaka Majengo, kwa fundi mmoja wa matairi ambaye ni Mwislamu na hana kesi na watakatifu wetu. Akamweleza habari za tarehe na sikukuu. Fundi aliweka chini chuma chake cha kubandulia, akacheka mpaka akaomba kiti. Kisha akaeleza, na Sirili akarudi akatueleza sisi: tarakimu mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. 2501 ni juma la ishirini na tano la mwaka 2001. Na 4700, ile Kwaresima ya katibu, ni juma la arobaini na saba la mwaka 2000. Wakati huo Sirili alikuwa bado anachapwa kwa kuchelewa shule ya msingi, na pikipiki anayoendesha ilikuwa haijatengenezwa.

Tukayatazama upya matairi yako. Fundi alituagiza tusidanganywe na vinywele vya mpira, kwa kuwa tairi lililokaa ghalani huzeeka na vinywele vyake, kama mzee anayepaka nywele rangi. Alituagiza tulikunje ubavu na kuangalia. Tukakunja, tukaona nyufa nyembamba zimejaa. Alituagiza tubonyeze kwa ukucha. Tairi changa hupokea ukucha. Haya ya kwako yalivunja ukucha wa Flavia, anayesoma hapa. Na kule kung'aa, tulipofuta kwa kitambaa, kulitoka kukabaki kwenye kitambaa, kukanuka dawa ya viatu.

Mgeni rasmi, hatusemi ulijua. Mtu mwenye maghala hawezi kulijua kila tairi. Tunasema tu kwamba mtu aliyeshika kile kitambaa cha dawa ya viatu alijua, na huenda ukapenda kumtafuta.

Changamoto ya pili ni sisi wenyewe. Tangu tujue kusoma hatuwezi kuacha. Tumesoma matairi ya trekta, ya toroli, na ya gari la kubebea maiti, ambalo tunashauri liende polepole hata kama abiria halalamiki. Baba Paroko alitukatalia kusoma ya pikipiki yake, akasema anamtegemea Mungu. Tukaona jibu limeshapatikana. Na mwezi uliopita ulipokuja misani bila kupita hapa kijiweni, wakati wa mahubiri, tulitambaa chini ya gari lako. Yameandikwa 3109. Ni ya mwezi wa nane mwaka huu. Tunakupongeza, ni matairi mazuri sana.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ratiba iliyotumwa kutoka Dar es Salaam inasema kwamba baada ya chakula kutakuwa na msafara. Pikipiki zote, zikiwa na matairi ya zawadi, zitapanda kutoka hapa mpaka Kibosho na kuteremka tena, kila moja imepakia mwananchi mwenye bendera, wewe ukipunga mkono garini. Mvua imenyesha tangu jana. Ile kona ya mtoni umeshaisikia. Na pikipiki ya mbele, kwa maelekezo ya ratiba, ni ya Sirili, na abiria wake ni mama wa mgeni rasmi. Lile lililopasuka alilibadilisha kwa la akiba, ili uikute zawadi yako mahali pake. La akiba ni 4700.

Sirili hajalala vizuri tangu alipoisoma ratiba hiyo. Kukataa zawadi hawezi, kuivua kabla mwenyewe hujaiona hawezi, na kumpakia tena mama yako juu yake hawezi. Alimfuata Wenseslaus akamwambia, "Katibu, mimi sijui kusema. Andika wewe." Tumeandika.

Ombi letu ni moja. Hatuombi matairi mengine, ingawa ukiyaleta hatutayatupa. Tunaomba utamke, hapa mbele za watu, kwamba umeiona zawadi yako, umeridhika, na sasa tuivue. Tutaitumia kwa heshima zote: kupandia maua pale parokiani, kuzuia udongo kwenye vihamba vyetu vya migomba mteremkoni, na nyingine tushone katambuga, viatu vya mpira wa tairi, ambazo mtu akizivaa hata zikipasuka yuko chini tayari.

Sasa tunamwomba Sirili asogee na kile alichokishika nyuma ya mgongo.

Mgeni rasmi, hilo ni jani la isale. Kwa ndugu zetu waliotoka mbali: kwetu Uchaggani mwenye kosa akileta isale, aliyekosewa hasemi hapana. Tunakuletea kwa makosa yetu. Tumeichunguza zawadi, tumeupekua umri wake, tumetambaa chini ya gari lako wakati wa neno la Mungu. Utusamehe, na ukishatusamehe, utamke lile neno.

Jani hilo hatukulichuma sisi. Amelichuma mama yako alfajiri ya leo kwenye mpaka wa kihamba chenu, akichechemea, akampa Sirili na maagizo, ambayo ametutaka tuyasome kama alivyoyasema: "Mwambieni Primus jani hili ni lenu ninyi vijana, na mimi nimewasindikiza tu. Akilipokea, tutapanda kwa miguu wote, na yeye pia, kiyoyozi akiache. Asipolipokea, basi leo ni mshikaki: Sirili mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika asiruke, juu ya tairi lake mwenyewe, mpaka nyumbani."

Kofia ngumu ameshaivaa, mgeni rasmi, kama unavyomwona. Hiyo nyingine aliyoipakata ni ya kwako.

Mungu akupe maisha marefu, ampe mama yako marefu zaidi, na atufikishe wote juu tukiwa na ngozi zetu.

Ni sisi tunaosubiri jibu lako tukiwa tumesimama,

Umoja wa Waendesha Pikipiki Mteremko,
Shirimatunda, Moshi.