Bibi Dorika, Aliyekuwa Hakai Mbali na Mlango

Padre Cuthbert, mjomba Zabroni na wazee wote wa ukoo, Umoja wa Akina Mama, na majirani zetu mliotoka kwenye swala ya Ijumaa mkaja hapa moja kwa moja bila kupitia nyumbani: shikamooni. Mimi ni Felista, mjukuu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya Bibi yetu, na mama ameniambia nisome polepole. Nitajaribu. Bibi mwenyewe hakuwa mtu wa polepole.

Bibi Dorika alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika kijiji jirani na Chidya, wilayani Masasi. Alikuwa mtoto wa tatu wa katekista Erasto na mkewe Monika. Wazee walisimulia kwamba alizaliwa mlangoni. Mama yake alikuwa ameshatoka na mguu mmoja kwenda kwa mkunga, na mtoto hakusubiri mguu wa pili. Bibi alikipenda sana kisa hicho. Akiambiwa akae atulie alijibu, “Nitulie vipi, na mimi nimeanzia kizingitini?”

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, kisha akaendelea na kumaliza darasa la nane mwaka 1966. Alitaka kuwa mwalimu wa cheti. Baba yake alifariki mwaka huohuo, na yeye akarudi nyumbani kulima. Lakini ualimu haukumwacha. Mwaka 1974, wakati wa kisomo cha watu wazima, alifundisha kule Mnyambe, akiwa ameshaolewa huko. Wanafunzi wake walikuwa wakubwa kuliko yeye, wametoka kupalilia mikorosho, wanasinzia. Akabuni njia. Kila jioni aliwasimulia hadithi, na ikifika mahali pabaya, simba yuko nyuma ya mlango au mume amerudi ghafla, alifunga kitabu na kusema, “Kesho. Na atakayekuja aje na herufi zake tano.” Mzee Husseni, ambaye yuko hapa leo na fimbo yake, aliniambia juzi: “Mimi sikujifunza kusoma, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa namfuata yule simba. Kusoma kulikuja kwenyewe.”

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa takatifu na marehemu babu yetu Vitalis Nandonde wa Mnyambe, fundi mwashi. Babu alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa miezi mingi, alipokuwa akijenga kule Chidya, alikuja kwa kina Bibi na ndoo ya maji aliyoyateka bondeni, anaitua, anasalimia, anaondoka. Kwa mtu wa Newala, ambako maji ni ya shida, ndoo moja ni maneno mengi, lakini Bibi alitaka na maneno yenyewe. Siku moja alimfuata mpaka njiani akamwuliza, “Kaka Vitalis, hii ndoo inachumbia au inauza maji?” Babu akasema, “Inachumbia.” Mambo yakaishia hapo. Walijaliwa watoto watatu: Zabroni, Agatha ambaye ni mama yangu, na Huruma. Mwaka 1988 walihamia Newala mjini, kwenye nyumba hii aliyoijenga babu kwa mikono yake. Babu alifariki mwaka 2003.

Sasa lazima niseme habari ya televisheni. Wapo walioshauri isiingie humu, kwamba ni jambo la mchezo. Lakini nani hapa hajawahi kukaa kwenye mkeka wa Bibi siku ya Jumatano, saa moja jioni? Tangu mwaka 2019, mjomba alipoileta ile televisheni, nyumba hii ilikuwa na tamthilia moja tu, Uani kwa Bi Tunu, na Bibi hakuwa akiitazama. Alikuwa anaishi nayo.

Kwa asiyeijua: Bi Tunu ni mama mwenye nyumba ya kupangisha, vyumba vimezunguka ua. Yupo mkwe wake Zena, mwenye mdomo. Yupo mpangaji wa chumba cha mwisho, Mzee Kasimu, fundi saa, anayempenda Bi Tunu tangu mwanzo na hajasema mpaka leo. Na yupo binti wa mwisho, Salma, aliyepanda boti kwenda kutafuta maisha.

Bibi aliwapenda kwa namna yake. Wakiacha bomba la uani linamwagika wakati wanagombana, yeye hakusikia ugomvi. “Funga bomba, wewe mtoto wa watu! Funga kwanza, mtukanane baadaye!” Zena alichukiwa na mkeka mzima. Bibi peke yake alimtetea. “Zena ana mdomo, sawa. Bi Tunu alipoanguka bafuni, nani alimwosha? Wale wenye maneno matamu walikuwa wapi?” Mimi Zena sikumpenda hata kidogo. Baada ya hapo nikaanza kumwangalia mikono badala ya mdomo, na kweli, katika kila ugomvi yule dada alikuwa amebeba kitu cha mtu mwingine: beseni, mtoto, dawa. Nilishangaa kwamba nilikuwa sijaona.

Kwa Mzee Kasimu ndipo Bibi alikosa uvumilivu kabisa. Alisimama, alikaa, alipiga paja. “Sema, mwanaume! Saa za watu zote umetengeneza, yako inakupita!” Halafu anageuka kwetu: “Babu yenu alikuwa hivihivi. Ningesubiri aseme, nyie msingezaliwa.”

Aliyembishia siku zote alikuwa jirani yetu Bi Sikuzani. Mnawajua. Bi Sikuzani ni Myao, Bibi Mmakonde, watani, na utani wao haukuwa na likizo. Bi Sikuzani alisema, “Mwache Kasimu anyamaze. Akisema tamthilia itaisha, sote turudi kumenya mihogo.” Bibi alijibu, “Myao wewe, hata msibani sikio lako liko kwenye sufuria. Mapenzi utayajulia wapi?”

Ule mwaka Bi Tunu alipopooza, Bibi alimwendea katekista Chrispin baada ya ibada akamwomba Tunu atajwe katika maombi ya wagonjwa. Akatajwa. Kanisa zima likaomba, Jumapili hii na ile. Umoja wa Akina Mama wakachanga unga na sabuni, wakamwuliza Bibi mgonjwa anakaa mtaa gani waende kumwona. Bibi akasema bila kupepesa, “Anakaa kwenye televisheni.” Padre Cuthbert, nakumbuka ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ukasema sala haipotei, bila shaka yuko Tunu mahali anayeumwa. Bibi akaitikia kutoka kiti cha nyuma, “Na huyu wetu ameshaanza kushika kijiko.”

Kuna jambo, hata hivyo, ambalo hakulifanyia mchezo. Mama yangu mdogo Huruma alivuka Ruvuma mwaka 2014 kwenda upande wa Msumbiji kupika na kuuzia chakula wachimbaji. Aliaga hapa mlangoni akisema atarudi kabla ya msimu wa korosho. Nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni harufu ya mafuta yake ya nywele tu. Alikuwa anapiga simu. Halafu upande ule ukaingia vita, na simu ikakatika, na haijawahi kuita tena. Mjomba Zabroni alikwenda mpaka darajani Mtambaswala kuuliza watu waliokimbia, akarudi, akaenda tena. Safari ya pili mmoja wao alimwambia kijiji alichokuwa akipikia Huruma kilichomwa chote. Mjomba aliporudi safari ile hakula. Alisema, “Mama, tumwombee kama wanavyoombewa marehemu, tupumue.” Bibi aliinuka. Alikwenda kusimama mlangoni.

Nafikiri ndiyo maana ilikuwa vile kwa Salma. Boti aliyopanda Salma ilizama, na wavuvi wakaokota kandambili yake. Uani kukawekwa matanga. Mkeka wetu wote ukalia, mpaka Bi Sikuzani. Bibi hakutoa chozi. Alisema, “Mnalia nini? Mmeona kaburi? Mimi sijaona kaburi. Mimi naona kandambili.” Wiki kwa wiki tukamwambia, Bibi, huyu amekufa, hata jina lake limetoka kwenye orodha ya waigizaji. “Kaburi,” alisema. “Nionyesheni kaburi nitalia kuliko nyie wote.” Bi Tunu naye hakuacha kumwekea Salma sahani, na kila ile sahani ilipoonyeshwa, Bibi aliinuka kwenda kuchungulia nje, akarudi akauliza, “Wamesema nini?” Tukawa tunamsimulia kipande alichokikosa. Alikosa vipande vingi. Kila gari lililopunguza mwendo hapo barabarani alilifuata kwa macho.

Siku ya Marehemu Wote, Novemba 2022, mjomba alipeleka jina la Huruma kanisani lisomwe pamoja na majina ya marehemu. Hakumwambia Bibi. Padre aliposoma “Huruma Vitalis”, Bibi alisimama katikati ya ibada akasema, “Huyo mtoe, Padre. Huyo hayuko huko.” Padre akaendelea na jina lililofuata. Mjomba na Bibi hawakusemezana mpaka mvua zikaisha. Mjomba hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka kusubiri, na Bibi alikuwa hajui kuchoka.

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, presha na moyo vilianza kumsumbua. Miguu ilivimba. Tarehe 29 Mei alilazwa hospitali huko Masasi, na kule wodini hakukuwa na Uani kwa Bi Tunu. Basi Bi Sikuzani akawa anaangalia Jumatano, Alhamisi anashuka Masasi kumsimulia. Hakusimulia tu, aliigiza. Alikuwa Zena, alikuwa Kasimu, alikuwa bomba linalomwagika. Muuguzi alikuja kuwanyamazisha akaishia kusema, “Mama, sauti ya Zena siyo hiyo, ni nyembamba kidogo.” Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, “Na kaburi?” Bi Sikuzani akasema, “Bado hawajaonyesha.” Bibi akasema, “Unaona.”

Jumanne wiki hii nilikuwa nimekaa naye. Alilala, aliamka, alitaka kukaa, alitaka kulala tena. Aliniuliza, “Felista, mlango wa nyumbani umeufunga au umeurudishia?” Nikasema nimeurudishia tu, Bibi. Akasema, “Vizuri.” Alifariki kesho yake asubuhi, Jumatano tarehe 11 Juni 2025, akiwa na miaka sabini na minne. Jioni ile ilikuwa siku ya tamthilia, na televisheni haikuwashwa hapa. Bi Sikuzani pia hakuangalia kwake. Alisema, “Nitaangalia peke yangu, nigombane na nani?” Kwa hiyo hatujui imefikia wapi, na mimi, nisameheni, hilo nalo linanihangaisha.

Jana alasiri tulimleta. Mlioshika jeneza mnajua kilichotokea hapa mlangoni, lakini wengine hamkuwepo. Nilikuwa nimeambiwa na mjomba nimwandike Huruma kwenye fungu la waliomtangulia marehemu, pamoja na babu. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilimweleza Bi Sikuzani tu. Jeneza lilipofika tulimkuta amekaa kwenye kigoda cha Bibi, katikati ya mlango, amejifunga khanga ya Bibi, amevaa miwani ya Bibi, na ananyoosha shingo kutazama barabarani vilevile kama Bibi. Watu walianza kucheka na kulia pamoja. Akamwambia Bibi, “Dorika, amka, tangazo limeisha.” Kisha akasema, “Hapiti mtu.”

Mila ni mila, mtani akiziba njia anapewa kitu. Watu wakaingiza mikono mifukoni. Akasema, “Rudisheni. Namtaka huyu.” Akamtazama mjomba, aliyekuwa ameshika mbele.

“Zabroni. Umeona kaburi la Huruma?”

“Bi Sikuzani, shikamoo yako naiweka hapo, lakini mikono inatuuma.”

“Marahaba. Tueni basi chini, mimi nimeshakaa. Umeona kaburi?”

“Sijaona.”

“Umeona nini?”

Mjomba akaangalia kizingiti, akaangalia jeneza. Akasema kwa sauti ndogo, “Sijaona kitu. Hata kandambili.”

Hapo watu wote wakageuka kumtazama. Mjomba hakuwahi kukaa kwenye mkeka. Siku za Jumatano alikuwa anasema hana muda wa upuuzi, anakaa barazani na redio yake. Kumbe redio ilikuwa imezimwa miaka yote hiyo.

“Basi kesho anasomwa wapi?”

“Kwenye waliobaki,” mjomba alisema.

Bi Sikuzani akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akainuka na kigoda chake. “Mpitisheni Mmakonde wenu. Angalieni mgongo, ni mzito kama ubishi wake.”

Marehemu Bibi Dorika ametanguliwa na mumewe, Vitalis Nandonde. Ameacha watoto watatu: Zabroni wa Newala, Agatha wa Newala, na Huruma, ambaye yuko. Ameacha wajukuu tisa na vitukuu wawili. Ameacha mtani wake Bi Sikuzani, ambaye ameomba aandikwe, na ambaye Jumatano ijayo atakuja kukaa mahali pake pale pale kwenye mkeka. Mjomba amesema ataingia ndani.

Bibi, ulisimama sana. Sasa pumzika kwa amani, zamu ni yetu. Mlango tumeurudishia tu.