Utingo wa Ndege

Kijiwe chao pale Temeke kilikuwa ubao mmoja uliobanduka ubavuni mwa lori, ukalazwa juu ya mapipa mawili ya lami mbele ya banda la Kasiani, fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima ulimwita Spoki. Jua likishapunguza ukali, Fakihi muuza kahawa huja akatua dele lake hapo, na maneno yakaanza. Mwisho wa ubao, upande wa barabarani, hukaa Mwinshehe, dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kariakoo, jina lake la kijiweni Gia Kubwa. Alasiri hiyo alikuwa na donge. Ndege ya mizigo, ile iliyokuwa ikipeleka vyuma vya matrekta kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea, ilikuwa imepita juu ya banda kwa kelele, na kila mtu pale aliamini kwamba Nassibu yumo. Nassibu huyo huyo aliyekuwa utingo wa Mwinshehe toka wakati wa vita, akifunga kamba, akisukuma lori kwenye tope, akilala juu ya magunia ili yasiibwe. Sasa amechukuliwa kiwanja cha ndege, anafunga mizigo na kusafiri nayo. Roho ilimuuma Mwinshehe, na alipendelea imuumie kijiweni kuliko nyumbani, maana nyumbani mkewe Mwajabu angemcheka.

— Huyo kapita, alisema Shomari, dobi wa mtaa wa pili, aliyeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi. Mwaka hauishi tutaambiwa Nassibu ni rubani.

— Rubani wa wapi? alijibu Mwinshehe. Mie namjua yule. Alikuwaga akipanda lori anatapika mpaka Kibiti.

— Hao ndio wanaotakiwa. Rubani hachaguliwi kwa elimu, Gia. Anakalishwa kwenye kiti, anazungushwa kama pia, halafu anaambiwa atembee juu ya mstari wa chaki. Asipoanguka, kapata kazi. Nassibu kashatapika yote kwenye lori lako, hana tena cha kutapika.

— Nani kakwambia hayo?

— Boi wa mzungu mmoja huniletea mashati.

Spoki hakuinua uso kwenye tairi lake.

— Si kiti, ni maharage. Kule juu tumbo hujaa upepo mara mbili ya huku chini. Rubani akila maharage usiku, asubuhi hapewi ndege. Ndiyo maana sie wa Masasi hatuchukuliwi, tumekulia kunde.

— Mie nilisikia wanachukua mayatima tu, alisema Fakihi akimimina. Mama gani atakubali mwanawe apande kile kitu? Wanakuuliza kwanza, mama yuko hai? Ukisema ndiyo, unaambiwa nenda, urudi ukishafiwa.

— Mamake Nassibu yuko hai, yuko Buza, alisema Mwinshehe.

— Basi ataishia kufunga kamba.

Neno hilo lilimpendeza Mwinshehe. Akachukua kashata.

— Na huyo rubani mwenyewe anafanya nini? alisema. Hana tope. Hana ng'ombe barabarani. Hana askari wa kumsimamisha. Mie mvua ikinyesha nashika koleo, yeye mvua ikinyesha kalala hotelini na mshahara unakwenda. Mzigo ni ule ule. Mie nafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi, yeye anateremka na soksi nyeupe.

— Wala haendeshi, alisema Redio. Ile ndege ikishaonyeshwa njia mara moja inakwenda yenyewe, kama punda wa mchota maji. Rubani kawekwa pale aangalie mizigo isiibwe.

— Na Nassibu je?

— Amwangalie rubani asiibe.

Walicheka wote isipokuwa Mwinshehe. Yeye kulikuwa na jambo moja tu lililokuwa likimtafuna tangu Nassibu aondoke, nalo ni kama yule rubani wa kizungu atampa kijana usukani. Akaona heri aliseme.

— Hampi. Nawaambieni mie niliye dereva. Hakuna dereva anayempa utingo usukani. Ukimfunza leo, kesho tajiri anamwona kijana ana nguvu, anamlipa nusu yako, wewe unarudi kulima mihogo. Nassibu nilimwambia toka siku ya kwanza, kamba zako, usukani wangu. Akawa ananitazama miguu nikikanyaga klachi. Nikaifunika kwa gunia.

Kijiwe kiliangua kicheko, na Mwinshehe akajisikia afadhali kidogo. Walikuwa bado wanacheka alipofika mtu mgeni, kavaa kaptura ya kaki yenye madoa ya mafuta.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Spoki alisikia lafudhi ya kwao, akamsogezea nafasi. Mgeni akasema anaitwa Polikarpo, mpakiaji wa mizigo kiwanjani.

— Nimesikia mnamtaja Nassibu. Tunafanya kazi pamoja. Leo hayumo, wamemwacha chini.

Moyo wa Mwinshehe uliruka kwa furaha, naye hakuuzuia.

— Kaiba?

— Hajaiba, mzee. Ni habari ndefu.

Fakihi akampa kikombe, naye akaeleza. Rubani wa ile ndege ya Nassibu ana taabu zake. Vita vimeacha marubani wengi kuliko ndege zilizopo. Kule Nairobi wapo waliokaa na makoti yao ya vita, wakingoja mmoja augue wachukue nafasi. Yeye analipwa kwa safari, mvua ikinyesha hapati kitu. Nachingwea hulala chini ya bawa, mbu wakamla. Anawaonea wivu marubani wa ndege za abiria, wenye vyumba na vitanda.

— Na pamoja na hayo, alisema Polikarpo, siku moja walipokuwa juu ya Rufiji alimwita Nassibu mbele, akamwambia, kaa hapa, shika. Akampa usukani.

Mwinshehe aliona kahawa imekuwa chungu. Rufiji, mto ambao masika yote yeye hukaa ukingoni akingoja pantoni, akila mihogo ya kuchoma na kutukana maji. Nassibu ameuvuka kwa mikono yake.

— Kwa hiyo wanamfanya rubani? aliuliza Mwinshehe.

— Hawamchukui mtu mweusi kuwa rubani. Rubani mwenyewe alimwambia asijidanganye. Lakini dereva wa lori la kiwanjani kaondoka, rubani akamsemea kwa msimamizi, mpeni huyu, amekulia kwenye lori. Msimamizi akampandisha kwenye lori ajaribu. Nassibu hata kuliwasha hakujua. Basi msimamizi anasema ni mwongo, hajapata kuwa utingo wa mtu yeyote, na mwongo hasafiri na mizigo. Asipopata wa kumshuhudia, kesho anafukuzwa kabisa.

— Hakukutajia dereva wake? aliuliza Redio, kwa sauti ambayo hawakuizoea.

— Nilimwuliza. Akasema hawezi kumtaja mkubwa wake kwenye jambo la aibu. Akaniambia tu, nenda kwa Spoki ukaulize, basi.

Polikarpo akawatazama mmoja mmoja.

— Hebu niambieni nyie mnaojua magari. Mtu anaweza kukaa kwenye lori toka wakati wa vita, asijue hata kuliwasha?

Spoki alirudi kwenye tairi lake. Fakihi akafuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Redio akautazama ubao. Hakuna aliyemwangalia Mwinshehe.

Mgeni akamaliza kahawa yake, akainuka.

— Basi nitawaambia huku hawamjui.

Alikuwa amekwisha fika barabarani Mwinshehe alipomwita. Redio alipumua. Spoki akaweka spana chini.

— Hapo Rufiji, alisema Mwinshehe, alipoushika ule usukani. Ndege iliyumba?

— Haikuyumba, mzee. Rubani alisinzia.

Mwinshehe akaitikia kwa kichwa, na Polikarpo akaenda zake bila shahidi.